Hela ya mbalamwezi

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, basi mitumbwi inavutwa mchangani na watu wanapumzika siku saba mpaka kumi. Siku hizo ndizo zangu. Mimi ni fundi wa kupaka rangi vyombo na kuviandika: herufi na namba za usajili, jina la chombo, na maneno ambayo tajiri, yaani mwenye chombo, anataka yasomwe na kila atakayepishana naye majini. Naifanya kazi hii tangu 2014 hapa Mwanza, Kirumba, Igombe, Kayenze, na mara chache navuka na feri ya Kamanga kwenda upande wa Sengerema. Giza likirudi, wavuvi wanarudi ziwani na mimi narudi kusubiri.

Kwa hiyo kipato changu hakina tarehe. Kuna mwezi naingiza laki nne, kuna mwezi napata kibao kimoja cha kinyozi pale Nyamanoro na basi. Karibu zote ni hela za mkononi, nyingine zimelowa maji ya ziwa. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba hela ya namna hiyo haina habari na serikali.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia. Anasoma chuo huku Nyegezi, na Jumamosi anawasuka wenzake hosteli. Rasta kichwa kimoja 15,000, wiki nyingine vichwa viwili, wiki nyingine hakuna kitu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona sauti hiyo?"

Mwenzake wa chumbani alikuwa amemtisha. Amemwambia hela zinazoingia kwenye simu zinaonekana, na iko siku ataitwa aeleze. "Mjomba, hivi na mimi nadaiwa kodi? Au hizi ni hela za sabuni tu?"

Nilimwambia anipe siku mbili nimwandikie vizuri, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana lingempoteza. Nimeona niliandike hapa hadharani. Najua mafundi wengi wa mwaloni, kule vyombo vya uvuvi vinakotia nanga, wasusi, wapiga picha za sherehe na akina mama wanaopikia watu shughuli wanalo swali hilohilo na wanaogopa kuliuliza.

Nianze na kilichonitoa usingizini. Mwaka 2021 nilipata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: shule moja ilitaka kibao cha getini na maandishi ya ukuta mzima wa nje. Tulikubaliana 850,000. Nilikaa juu ya ngazi siku kumi na moja. Nilipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, herufi moja moja, jua la Mwanza likirudi kutoka kwenye mawe na kunichoma mgongoni. Siku ya malipo mhasibu akaniuliza TIN, namba ya mlipakodi. Sikuwa nayo. Akaniambia nikaitafute kwanza, hela haitoki bila hiyo. Nikaipata, kuandikishwa ni bure, unahitaji namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na maelezo ya kazi unayofanya na mahali unapoifanyia. Niliporudi, nikahesabiwa 807,500.

Nilidhani nimeibiwa. Niligomba mpaka walimu wakatoka madarasani. Mhasibu alinieleza kwamba 42,500 iliyokosekana ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, wanaikata na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa jina langu. Nikamwomba karatasi ya kuonyesha hivyo. Akasema itakuja. Nilikwenda shuleni pale mara nne kudai hati ya kodi iliyozuiliwa, na mpaka leo sijaipata. Bado linaniuma. Hela hiyo haikupotea kisheria, inahesabiwa kuwa sehemu ya kodi niliyokwisha kulipa, lakini ushahidi wake ndiyo hati ile, na waliotakiwa kunipa hati ile walinizungusha. Mpwa wangu, ukikatwa kodi ya zuio popote, usiondoke mlangoni bila kuuliza hati inatoka lini na nani anaiandika.

Hasira ile ndiyo iliyonipeleka kaunta ya TRA kwa mara ya pili, safari hii kuuliza. Nilijiandaa kwa maneno makali. Nilipokelewa na kijana mmoja mpole ambaye alinikalisha na kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Baba, kwa mwaka unauza shilingi ngapi?"

Nilijua bei ya kuandika namba mbavu mbili za mtumbwi. Nilijua bei ya kupaka chombo kizima aina ya karua. Kwa mwaka, sikujua. Na hapo ndipo jambo lote lilipo, kwa sababu sheria haiiangalii ile 15,000 ya Jumamosi peke yake. Inaangalia mwaka, kuanzia Januari mpaka Desemba, na inajumlisha.

Watu wengi tunajidanganya kwamba kazi ya mara mojamoja si biashara. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeitafsiri biashara kwa upana sana. Kuna ufundi, kuna taaluma, na kuna hata mpango mmoja tu uliofanyika mara moja, ilimradi una sura ya kibiashara. Kinachoachwa nje ni ajira, ambayo ina utaratibu wake, na shughuli isiyofanywa kwa nia ya kupata faida. Ukimsuka mdogo wako bure, au kwa soda, hiyo si biashara. Ukiwatangazia hosteli nzima kwamba kichwa ni 15,000, hiyo ni biashara, hata kama ni vichwa viwili kwa mwezi. Wala sheria haiulizi kama hela ilipita kwenye simu au iliwekwa kiganjani. Huyo aliyekutisha amekosea hapo: hela ya simu na hela ya noti ni kipato kilekile, tofauti ni kwamba moja imeacha nyayo. Tena usichanganye na tozo ya miamala iliyokuja 2021. Kuna watu wanasema "mimi kodi nimeshakatwa kwenye simu". Ile ilikuwa tozo ya kutuma na kutoa, haikuwa kodi ya ulichochuma. Na ushuru unaotozwa mwaloni ni wa halmashauri, nao ni kitu kingine.

Sasa pumua, maana hapa kuna habari njema. Mtu binafsi ambaye mapato yake yote ni ya biashara ndogo hapa nchini, na mauzo yake ya mwaka hayazidi 4,000,000, kodi yake ya mapato ni sifuri. Wewe, hata ukisuka vichwa viwili kila Jumamosi kwa wiki zote 34 unazokuwa chuo, unapata 1,020,000. Hujafika hata theluthi ya kiwango. Hudaiwi hata senti.

Lakini kutodaiwa hakukufanyi usiwepo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wenzangu wa mwaloni wanaosema "chini ya milioni nne kaa kimya". Sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mtu anayeanza biashara ajisajili ndani ya siku 15. Wapo wanaoona hiyo ni kujipeleka kwenye mtego. Mimi nimeona kazi ngapi zimenipita kabla ya 2021 kwa sababu sina TIN! Shule, zahanati, kampuni za samaki, wote hao hawawezi kumlipa mtu asiye na namba. Nilikuwa najificha kwa jambo ambalo sikuwa nadaiwa, na kujificha kwenyewe kukanigharimu.

Neno la kuangalia kwa macho mawili ni hilo "mauzo". Kaunta wanasema mauzo ghafi, yaani kila kilichoingia kabla hujatoa hata nauli. Mimi nilikuwa nikihesabu kilichobaki mfukoni. Yule kijana alinisahihisha taratibu, na nikahisi tumbo linanikata, kwa sababu nilikumbuka rangi.

Nieleze. Tajiri mmoja wa Igombe alinipa 180,000 nimpakie chombo chake. Humo ndani, 110,000 ilikuwa ya rangi ya mafuta, tina na msasa, na 70,000 ndiyo jasho langu. Kichwani mwangu nimepata 70,000. Lakini kama nimechukua 180,000 yote, nikanunua rangi mwenyewe nikamuuzia kazi iliyokamilika, mauzo yangu ni 180,000. Piga hesabu hiyo kwa vyombo 25 kwa mwaka: 1,750,000 inageuka kuwa 4,500,000, na kwenye karatasi nimevuka mpaka ambao mfukoni sijaukaribia. Tangu siku ile sishiki hela ya rangi ya mtu. Tajiri anakwenda dukani mwenyewe, au tunakwenda wote Makoroboi, anachagua, analipa, risiti inaandikwa jina lake. Mimi nalipwa ufundi. Na wewe rasta waache wanunue wenyewe, waje nazo. Ndivyo mambo yalivyo kweli: rasta ni zao, mikono ni yako.

Hili la mauzo linaniumiza zaidi nikimfikiria Mayu. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na Desemba 2018, Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kupitia wakuu wa mikoa, Mayu alikuwa wa kwanza kwenye mstari wao. Shilingi 20,000 kimoja. Alikivaa shingoni ndani ya nailoni, hata kanisani alikwenda nacho. Aliambiwa ukiwa nacho husumbuliwi, naye akaelewa kwamba ukiwa nacho yamekwisha. Kumbe kitambulisho kile kilikuwa cha mwenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka.

Chukua mchuuzi wa dagaa anayenunua na kuuza magunia. Gunia analiuza 90,000, na baada ya ununuzi, usafiri na ushuru linamwachia 5,000. Akiuza magunia 45 kwa mwaka mzima, ambayo hata si gunia moja kwa wiki, mauzo yake ni 4,050,000. Faida yake ya mwaka ni 225,000. Huyu amevuka. Mtu anayeuza ufundi, akipata milioni tatu na nusu, karibu yote inabaki kwake na hadaiwi kitu. Naona hapo sheria imewabana wenye faida nyembamba, na nitalisema hivyo mbele ya yeyote. Mama wa dagaa anazungusha hela nyingi ambayo si yake.

Na ndiyo maana daftari kwake si anasa. Ukivuka milioni nne mpaka saba, kuna njia mbili. Usiye na kumbukumbu unatozwa 100,000, iwe umevuka kwa shilingi moja au kwa milioni mbili na nusu. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne tu. Yule mchuuzi wa magunia 45, bila daftari atatoa 100,000 katika faida ya 225,000, karibu nusu ya mwaka wake wote. Akiwa na daftari, asilimia 3 ya 50,000 ni 1,500. Elfu moja mia tano! Niliporudi kumweleza Mayu hesabu hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimnunulie kalamu.

Mimi mwenyewe nilivuka mwaka 2023. Ziliingia kazi za vibao vya hoteli mbili na ukuta wa zahanati, nikafika 4,600,000. Nilikwenda kukadiriwa nikiwa na daftari langu chini ya kwapa, lile la mistari lenye jalada gumu, limechafuka rangi ya bluu ukurasa wa tatu. Ofisa alilifungua na kulisoma kwelikweli. Aliuliza kuhusu mstari mmoja wa Machi ambao nilikuwa nimeukata na kuuandika upya. Nikamwonyesha ujumbe wa simu wa siku ile, akaridhika. Kilichozidi kilikuwa 600,000, asilimia 3 yake 18,000. Ukiigawa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, ni 4,500 kila awamu. Nilipewa kumbukumbu namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa palepale nje chini ya mti. Bila lile daftari ningetoa laki moja. Nilitembea kwa miguu mpaka Kirumba siku ile, nikipita ufukweni mahali unapoliona Jiwe la Bismarck, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimelipa kodi yangu kwa kiasi changu hasa, hakuna aliyenikisia.

Kwa hiyo mwanangu, andika. Andika siku ileile, kabla hujalala, maana kesho utaandika unachodhani. Mimi naandika tarehe, chombo au mtu, kazi, kiasi, na kama imelipwa yote au nusu. Za ufundi ukurasa wa kushoto, matumizi ya kazi ukurasa wa kulia. Usiandike humo hela ambazo si za kusuka. Ada anayokutumia mama yako ni msaada wa mzazi kwa mtoto. Mchango tuliokuchangia ulipolazwa ni mchango. Ukipokea zamu yako ya upatu, hiyo ni akiba yako mwenyewe imekurudia. Nimeona watu wanavyochanganya vyote hivyo kwenye simu moja, halafu wakiulizwa wanashindwa kutenganisha biashara na rambirambi. Ukiweza, tenga laini moja kwa ajili ya kusuka tu.

Na ukija kuajiriwa, nitafute tuongee upya, kwa sababu kile kiwango cha milioni nne ni cha mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara. Mwenye mshahara na kazi ya pembeni ana hesabu nyingine. Mshahara una kiwango chake kisichotozwa, 270,000 kwa mwezi tangu 2020, na mwajiri ndiye anayekata. Lakini usimwache mtu akuambie kwamba kwa kuwa mshahara umekatwa, basi na kusuka kumekatwa.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nahangaika na 18,000 wakati wapo wanaokwepa mamilioni. Nimelifikiri hilo juu ya ngazi mara nyingi. Wale sina uwezo nao. Nina uwezo na jina langu, na jina langu nimeliandika kwa mkono wangu pembeni ya vibao vingi kuanzia Igoma mpaka Buhongwa, pamoja na namba ya simu. Nataka atakayenipigia akiwa na kazi ya milioni mbili asikie kwamba nina TIN, nina daftari na risiti naandika, na tuanze kuongea rangi.

Jambo moja tu bado linanisumbua mwaloni huku, nalo ni malipo yasiyo hela. Wavuvi hawana noti kila siku. Mbalamwezi iliyopita nilimaliza chombo pale Igombe, maandishi ya chombo kizima, mbavu zote mbili na tezi, na tajiri akanilipa 40,000 na debe la dagaa. Zamani ningeandika 40,000 na dagaa wangeingia jikoni. Lakini mali uliyopewa kwa kazi ni malipo, inahesabiwa kwa bei yake ya sokoni. Usiku nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikaandika 40,000, kalamu ikasimama. Debe la dagaa linapanda na kushuka kila wiki, na mimi si muuza dagaa.

Nikampigia Mayu.

"Mwangaluka ya usiku hii," akanitania kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "kuna nini?"

"Mayu, debe la dagaa leo lilikuwa shilingi ngapi hapo Mwaloni?"

"Wa kuanikwa mchangani au wa chanja?"

Nikainuka na taa kwenda kuangalia. Nikawashika, nikawasugua kidogo kwenye kiganja. Hawakuwa na chembe ya mchanga, wanang'aa fedha tupu.

"Wa chanja."

"Basi andika 35,000," akasema, "na kesho niletee nusu yake niwaonje."